Rukhsa ya Kula: Mgonjwa wa Kisukari na Maana ya Utiifu katika Ramadhani

Swali la kama mgonjwa wa kisukari afunge Ramadhani au ale limezoeleka kugawanywa mara mbili: daktari huulizwa kama saumu itamdhuru, na sheikh huulizwa hukumu ya yule ambaye saumu itamdhuru. Mgawanyo huo una haki yake, kwa kuwa kila fani ina wenyewe, na makala haya hayakusudii kuuvunja. Hata hivyo, chini ya maswali hayo mawili kuna la tatu ambalo wagonjwa wengi wa pwani ya Afrika Mashariki huishi nalo bila kulisema, nalo halina daktari wala kadhi wa kulimaliza kwa sentensi moja: je, Mwislamu aliyepewa na Mola wake ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani, naye akala kwa sababu hiyo, huwa ameabudu au amekosa kuabudu? Anayeamini kwamba amekosa atafunga hata akionywa mara kumi kwamba atadhurika, kwa kuwa mcha Mungu hakubali kwa hiari yake kutolewa nje ya ibada. Anayeamini kwamba ameabudu atakula bila kujificha, na atatumia dawa kwa saa yake kama anavyoswali kwa saa yake. Kwa hiyo namna mtu anavyouelewa utiifu ni sehemu ya matibabu yake, na pengine ndiyo sehemu isiyopimwa hospitalini kabisa.

Kisukari, ambacho watu wengi hukiita sukari tu, wakisema fulani ana sukari au sukari yake imepanda, ni hali ya mwili kushindwa kuitumia vyema glukosi, yaani sukari nyepesi inayotokana na chakula na kusafiri ndani ya damu ili kuzipa seli nguvu. Kazi ya kuifungulia glukosi mlango wa seli hufanywa na insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Katika kisukari cha aina ya 1, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani, kinga ya mwili yenyewe huziharibu seli zinazotengeneza insulini, na mgonjwa hawezi kuishi bila kuchomwa insulini kila siku. Katika aina ya 2, iliyo ya watu wengi zaidi, insulini ipo lakini mwili hauiitikii inavyopasa, au kongosho limechoka kuitoa ya kutosha, na mgonjwa hutibiwa kwa mpangilio wa chakula, mazoezi, vidonge na pengine sindano baadaye. Insulini iligunduliwa Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14 akawa mtu wa kwanza kutibiwa nayo. Tarehe hiyo ina uzito katika mjadala wa kidini kuliko inavyodhaniwa, maana kabla yake mwenye aina ya 1 alifariki baada ya miezi au miaka michache, na hakuwahi kuzeeka akiwa na Ramadhani arobaini mbele yake za kuamua. Mafakihi wa zamani, yaani wataalamu wa sharia ya Kiislamu, walimjua mwenye homa, mwenye jeraha, mzee aliyedhoofika na mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona. Lakini mtu anayetembea, anayefanya kazi, anayeonekana mzima machoni pa jirani zake, na ambaye hata hivyo uhai wake unategemea kupatana kwa chakula na dawa kwa saa maalumu, huyo hawakumwona. Kanuni zao zinamhusu, ila hazina budi kusomwa upya mbele yake.

Msingi wa kanuni hizo ni aya za 183 hadi 185 za Sura ya al-Baqara, ambamo saumu inafaradhishwa na, hapo hapo, mgonjwa na msafiri wanapewa idadi ya siku nyingine, wale inaowalemea wanatajiwa fidia ya kumlisha maskini, na kisha inaelezwa kwamba Mwenyezi Mungu anawatakia waja wake wepesi wala hawatakii uzito. Jambo la kuzingatia hapa ni mpangilio wenyewe: ruhusa haikuja baadaye kama kiraka cha kuziba tundu la sharia, imeshonwa pamoja na faradhi tangu mwanzo. Wanachuoni huiita hukumu ya asili, inayomkabili kila mwenye kuwajibika, kwa jina la azima, na ile hukumu nyepesi inayotolewa kwa sababu ya udhuru huiita rukhsa, neno ambalo Kiswahili kimelichukua na kulifanya ruhusa, likapoteza njiani sehemu ya maana yake. Anayepewa ruhusa katika Kiswahili cha kila siku amepewa nafasi ya kutokuwepo, kama mwanafunzi aliyeruhusiwa asije shule. Rukhsa ya kifikihi ni hukumu kamili, yenye masharti na mipaka, na kwa mujibu wa Hadithi iliyopokewa na Imam Ahmad kutoka kwa Ibn Umar, Mwenyezi Mungu hupenda rukhsa zake zifuatwe kama anavyochukia maasi yake yatendwe. Linalopendwa na Mungu likitendwa haliwezi kuitwa kutokuwepo.

Madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja, Pemba, Kilwa na visiwa vya Komoro, yamelichambua suala la mgonjwa kwa umakini unaostahili kutazamwa kwa karibu. Katika Minhaj al-Talibin ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu kilichosomeshwa vizazi na vizazi katika darsa za pwani, na katika sherehe zake, yaani vitabu vinavyoifafanua, mgonjwa anayehofia madhara makubwa kwa kufunga huruhusiwa kula, naye hulipa siku zake akipata nafuu. Asiyetarajiwa kupona hutoa fidia ya mudi moja ya chakula kwa kila siku, na mudi ni robo ya pishi, kipimo ambacho wazee wa pwani wamekijua siku zote kwa jina la kibaba. Kati ya hao wawili mafakihi wakamweka wa tatu, ambaye ugonjwa wake huja na kuondoka: ikiwa umemshika mfululizo anaweza kuiacha nia ya usiku, lakini ikiwa unamjia na kumwacha, kama homa ya vipindi, ataweka nia usiku kama wenzake, na ugonjwa ukimrudia mchana atafungua. Maelezo hayo yaliandikwa mamia ya miaka kabla ya mashine ya kupimia sukari, na bado yanamweleza mgonjwa wa leo wa aina ya 2 kuliko yeyote. Anaamka vizuri, ameweka nia, sukari yake ni ya kuridhisha, na hajui alasiri itamletea nini. Nia yake ni ya kweli kweli, na kufungua kwake, kukitokea, ni sehemu ya ile ile nia aliyoiweka usiku, kwa kuwa aliiweka juu ya sharia yote, azima na rukhsa pamoja.

Pamoja na uwazi huo wa hukumu, wagonjwa wengi hufunga. Utafiti mkubwa unaojulikana kwa jina la EPIDIAR, uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi na kuhusisha wagonjwa 12,243, ulionyesha kwamba asilimia 43 ya wenye aina ya 1 na asilimia 79 ya wenye aina ya 2 walifunga siku zisizopungua 15. Katika mwezi huo matukio ya sukari kushuka kwa kiwango cha hatari yaliongezeka takriban mara 4.7 kwa wenye aina ya 1, na mara 7.5 kwa wenye aina ya 2, yakilinganishwa na miezi mingine. Si haki kuzisoma takwimu hizi kama ushahidi wa ujinga. Wengi wa watu hao waliwahi kumwona daktari, na wengi walijua kwamba dini yao inamhurumia mgonjwa. Kilichowafungisha ni kitu kingine.

Kitu hicho huonekana vizuri zaidi nyumbani kuliko vitabuni. Ramadhani ya pwani ni mwezi wa watu wote kwa pamoja: ngoma ya daku inapita uchochoroni usiku mmoja kwa nyumba zote, jua linapozama kila mkeka una mihogo ya nazi, mbaazi, kaimati, tambi, uji na tende, na sahani zinatoka mlango huu kuingia ule. Anayefuturu bila kufunga anakaa kwenye mkeka huo akiwa na hisia kwamba ameketi mahali pasipo pake. Lugha ya mitaani ya Tanzania ina hata jina la kula mchana kwa siri, kula kobe, na ingawa jina hilo limekusudiwa kwa mzima anayevunja saumu bila udhuru, dhihaka haichagui. Mgonjwa anayesikia mzaha huo dukani hurudi nyumbani akijifungia chumbani ili anywe maji ya kumezea dawa. Ikiwa ni baba mwenye nyumba, aliyewafundisha watoto wake kufunga nusu siku, kisha siku nzima, huona aibu kula mbele yao. Kwa hiyo anayefunga kinyume cha ushauri wa daktari mara nyingi haogopi adhabu ya Mungu kwa kula, anaogopa upweke. Jambo hili linapaswa kusemwa waziwazi, kwa sababu hofu ya upweke haiponywi kwa fatwa peke yake, hata iwe sahihi kiasi gani.

Ipo pia hoja ya kidini hasa, isiyotokana na aibu, nayo ni nzito kuliko hiyo ya kwanza: kwamba anayefunga akiwa mgonjwa anateseka zaidi, na anayeteseka zaidi kwa ajili ya Mungu ana thawabu zaidi. Hoja hii ina tegemeo lake. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alimweleza Bibi Aisha kuwa ujira wa umra yake ungekuwa kwa kadiri ya taabu yake au matumizi yake. Mtu akiishia hapo, ataona kwamba mgonjwa anayetetemeka kwa njaa saa kumi alasiri amepata daraja ambalo mzima hawezi kulifikia, na kwamba kumshauri ale ni kumpora daraja hilo.

Izz al-Din ibn Abd al-Salam, fakihi wa madhehebu ya Shafi aliyefariki Misri mwaka 1262, alilitatua fundo hili kwa mfano wa kuoga. Mtu anayeoga janaba wakati wa baridi kali na yule anayeoga wakati wa joto wametenda ibada moja yenye sharti na fadhila zile zile, na wa kwanza huongezewa thawabu. Lakini huongezewa kwa kuivumilia taabu ambayo ibada yenyewe ilimletea, wala taabu haikuwa ibada kwa nafsi yake. Kama wa kwanza angekuwa na maji ya moto mlangoni akayaacha makusudi ili ateseke, asingekuwa ameongeza kitu. Karne moja baadaye al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, aliifanya kuwa kanuni: Mwenye kuweka sharia hakukusudia taabu, alikusudia maslahi ambayo huenda yakaambatana na taabu, na kwa hiyo mja hana haki ya kuikusudia taabu kwa ajili ya ukubwa wake. Kanuni hiyo inakwenda kwenye mzizi wa jambo, maana inabadilisha swali ambalo mgonjwa hujiuliza. Badala ya kujiuliza anaweza kuvumilia kiasi gani, anatakiwa ajiulize ameombwa nini. Na aliyeombwa ale, akafunga, amempa Mola wake kitu ambacho hakuombwa, na amemnyima alichoombwa.

Tukio la mwaka wa 8 Hijria, katika safari ya kuikomboa Makka, linaonyesha jinsi jambo hili lilivyochukuliwa kwa uzito. Msafara ulikuwa umefunga, na walipofika mahali paitwapo Kuraa al-Ghamim Mtume aliletewa chombo cha maji, akakiinua juu hadi watu wote wakakiona, kisha akanywa. Baadaye akaelezwa kwamba baadhi ya watu wameendelea kufunga, naye, kama ilivyo katika Sahihi ya Muslim, akawataja kuwa ni waasi. Kuna kitendo kidogo katika tukio hilo kinachopitwa haraka na wasomaji wengi, nacho ni kile cha kukiinua chombo. Mtume hakunywa kwa kificho kwa kuchelea kuwakatisha tamaa waliofunga. Alijua kwamba wapo ambao hawangeweza kula mpaka waone kiongozi wao anakula, akaifanya rukhsa ionekane. Misikiti ya leo, ambayo hutaja ruhusa ya mgonjwa kwa dakika mbili ndani ya mawaidha ya mwezi mzima juu ya fadhila za kufunga, bado haijakiinua chombo hicho.

Kuna sababu nyingine, iliyo mahususi kwa kisukari, inayofanya uvumilivu usiwe kipimo cha kutegemewa, nayo inahusu akili. Sharia haimwajibishi mtu ila awe na akili timamu. Uwajibikaji huo huitwa taklifu, na akili ndiyo mlango wake. Aidha, kuhifadhi akili ni moja ya makusudio matano ya sharia, pamoja na kuhifadhi dini, nafsi, kizazi na mali, ambayo al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyaorodhesha kabla ya al-Shatibi kuyapanua. Sasa ubongo wa mwanadamu, ambao ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zake, na chakula chake kikuu ni glukosi ya damu. Sukari inaposhuka sana, kiungo kinachopungukiwa mapema ni kile kile ambacho mgonjwa anakitegemea kuamua kama afungue au avumilie.

Mfano wake ni mama wa makamo ambaye amekula daku, akameza kidonge cha glibenklamidi, dawa inayolisukuma kongosho litoe insulini hata kama tumboni hamna kitu, kisha akaendelea na kazi zake. Saa tisa alasiri ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi ya futari. Jasho jembamba linamtoka shingoni ingawa upepo unavuma, moyo unakwenda mbio, na mkono unaoshika kifuu hautulii. Anajiambia kwamba hiyo ni njaa ya kawaida ya saumu na kwamba magharibi iko karibu, ingawa zimebaki saa tatu na nusu. Binti yake anamwita, naye anajibu kwa ukali usio wake. Akichomwa kidole na tone la damu likawekwa kwenye kijiti cha mashine, kioo kinaonyesha milimoli 3.2 kwa lita, wakati miongozo ya madaktari inataka saumu ivunjwe mara tu kipimo kinapokuwa chini ya 3.9, bila kusubiri dalili na bila kutazama saa. Kauli ya kwamba muda uliobaki ni mdogo, anayoitoa wakati huo, si subira tena, kwa sababu subira ni tendo la anayechagua, na uwezo wake wa kuchagua umeanza kumponyoka. Akifika mwisho wa njia hiyo atazimia, au atapata degedege, na watakaomzunguka hawatajua kama wamwamshe au wamwombee dua.

Matokeo ya hoja hii ni kwamba uamuzi wa kufungua saumu hauwezi kuachwa usubiri alasiri. Inabidi ufanywe na mtu mwenye akili yake kamili, usiku, wakati ule ule wa kuweka nia, na ukabidhiwe pia kwa mwenzake: mume, mke, binti, jirani. Binti wa mama huyo anapaswa kuwa na idhini, aliyopewa kabla ya mwezi kuandama, ya kumpa mama yake vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, na kumpima tena baada ya dakika 15, hata mama akikataa. Kwa adabu za pwani si jepesi mtoto kumvunjia mzazi saumu, na ndiyo maana idhini itolewe na mzazi mwenyewe, kwa maneno, mbele ya watu wa nyumba. Upande wa pili nao una mpaka wake: kipimo kikizidi 16.6 saumu huvunjwa pia, kwa kuwa mwili usiopata insulini ya kutosha huanza kuunguza mafuta na kuijaza damu tindikali, na maji yanayopotea kwa mkojo hayawezi kurudishwa na mtu aliyefunga. Kujichoma kidole hakubatilishi saumu, wala kuchoma sindano ya insulini chini ya ngozi hakubatilishi kwa kauli ya wanachuoni wengi wa zama hizi, kwa kuwa insulini si chakula wala haipiti njia ya chakula. Anayeacha kupima kwa hofu ya kubatilisha amejinyima bure taa aliyopewa.

Yote yaliyotangulia hayamaanishi kwamba kila mwenye kisukari ale. Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 19 kilichofanyika Sharjah mwaka 2009, liliwagawa wagonjwa katika makundi manne kwa kadiri ya hatari inayowakabili, likasema kwamba makundi mawili ya juu, ambayo madaktari wana yakini au dhana kubwa kwamba saumu itawadhuru, ni wajibu wale, na kwamba makundi mawili ya chini hayaruhusiwi kula, kwa kuwa hakuna ushahidi kwamba saumu huwadhuru, na huenda ikawafaa. Uamuzi huo una uadilifu, kwani unakataa makosa yote mawili. Mgonjwa anayejimudu kwa mpangilio wa chakula au kwa metifomini pekee, dawa ambayo ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, na ambaye figo na moyo wake ni salama, hana haki ya kujificha nyuma ya jina la ugonjwa. Kijana wa aina ya 1 ambaye sukari yake hupanda na kushuka bila mpangilio hana haki ya kufunga. Maneno ya Baraza ni ya kisheria na makavu, lakini kwa huyo kijana yana faraja kubwa: kula kwake kumetoka katika orodha ya yanayosamehewa na kuingia katika orodha ya wajibu, mahali pale pale ilipo saumu ya kaka yake.

Anayefunga kwa haki naye ana mtihani wake, na mtihani huo hauko mchana. Al-Ghazali, katika Ihya Ulum al-Din, aliwalaumu watu wanaokusanya chakula cha mchana na cha usiku wakakila kwa mara moja baada ya jua kuzama, akauliza saumu ya namna hiyo imemshindaje adui iliyokusudiwa kumshinda, yaani matamanio. Hakuwa anazungumzia kisukari, lakini daktari wa kliniki ya sukari anayepokea wagonjwa baada ya Idi angeweza kuyasema maneno hayo neno kwa neno. Kaimati zilizochovywa kwenye shira, tambi za sukari, sharubati ya ukwaju iliyotiwa tamu ikatiwa tena, na chai ya maziwa juu yake, vikiingia kwa pamoja katika mwili uliokaa zaidi ya saa 13 bila kitu, huipandisha sukari kwa kishindo. Tende moja au mbili, maji, kisha swala ya magharibi, kisha mbaazi, samaki, mboga na kipande kimoja cha muhogo, na daku iliyocheleweshwa hadi karibu na alfajiri, ni futari na daku za Sunna na za kliniki kwa pamoja. Hapa tabibu na fakihi hawana ugomvi wowote.

Waislamu wa pwani wana hali moja inayowatofautisha na ndugu zao wanaoishi mbali na ikweta. Mgonjwa wa London ambaye Ramadhani imemwangukia Juni, mchana ukiwa mrefu kupita kiasi, anaweza kula kisha akazilipa siku zake Desemba, mchana ukiwa mfupi sana. Siku nyingine zilizotajwa katika aya kwake ni siku nyepesi zaidi kwa hesabu ya saa. Mombasa na Zanzibar mchana karibu haubadiliki mwaka mzima, na mgonjwa hana majira mafupi ya kukimbilia. Anachoweza kungojea ni kipupwe, joto lipungue, au dawa zake zipangwe upya, au uzito upungue na kongosho lipate nafuu. Ndiyo maana kwa wengi wao swali la fidia huja mapema kuliko kwa wengine, na ndiyo maana kibaba kinastahili kurudishwa heshima yake. Mgonjwa anayepima vibaba 30 vya mchele na kuvifikisha kwa maskini, kila kibaba kikiwa na siku yake, anashiriki mwezi kwa mkono wake: siku ambayo yeye hakuweza kujizuia kula, mwingine amekula kwa sababu yake. Ni vizuri vipimwe na mgonjwa mwenyewe, hata kama mtoto wake ndiye aliyelipia, ili ibada iwe na mahali pa kugusika.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, katika mwongozo wake wa mwaka 2021 kuhusu Ramadhani, linashauri mgonjwa aonane na daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuanza, ili hatari yake ipimwe, dawa zipunguzwe au zihamishiwe saa nyingine, na afundishwe lini afungue. Kwa kalenda ya Hijria huo ni mwezi wa Rajabu, nusu yake ya kwanza, kabla misikiti haijasoma Miraji. Mwenye kisukari anayesoma maneno haya, au mwenye mzazi aliye nacho, aende kliniki wakati huo, na akitoka huko na majibu yake apite kwa imamu wake amweleze, ili Shaaban iwakute wote watatu, mgonjwa, daktari na imamu, wameshakubaliana.